Folda Mbili, Jina Moja

Mimi ni mtu nisiyevumilia fujo. Sijisifu, nalisema mapema tu ili ijulikane mambo haya yalianzia wapi. Kwetu bara mama alipanga sufuria kwa ukubwa, na ole wako uirudishe ya chai juu ya ile ya ugali. Nilipokuja kuijua kompyuta nikaona hapa ndipo pangu: folda ndani ya folda, kila kitu na jina lake, kila jina mara moja. Mtu ambaye mafaili yake yametapakaa kioo kizima nilikuwa namdharau hata kabla hatujasalimiana.

Ndivyo nilivyofika katika ile shule ya sekondari upande wa Jilore, muhula wa tatu ukiwa umeanza, kushika nafasi ya mwalimu wa kompyuta aliyekwenda likizo ya kujifungua. Nilifika Jumatatu. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo miradi ya kidato cha nne ilikuwa ikitakiwa Malindi mjini, ikiwa kwenye CD, kabla ofisi haijafungwa. Mradi huo si mchezo. Mwanafunzi huutengeneza kwa miezi, na alama zake huingia moja kwa moja kwenye mtihani wa mwisho. Usipowasilisha, huna alama, wala hakuna kurudia. Mwaka ule wanafunzi wote walikuwa wametengeneza mfumo wa kutunza kumbukumbu za zahanati: wagonjwa, dawa, tarehe za kurudi, na ripoti kumi na mbili za kuchapishwa, pamoja na maelezo marefu ya jinsi walivyoifanya kazi. Naibu wa mwalimu mkuu alinieleza hayo tukiwa tumesimama mlangoni. Akaniambia niondoe wasiwasi, watoto walikuwa wamekwisha kumaliza, langu lilikuwa kunakili kwenye CD tu.

Asubuhi ile niliita majina. Karani wa shule alinipa orodha iliyopigwa chapa na kubandikwa kwenye rejista, wanafunzi kumi na tisa, kila mmoja na majina yake mawili. Nambari kumi na moja na nambari kumi na mbili zilikuwa na majina yale yale, herufi kwa herufi. Nikaita mara moja. Zikaitika sauti mbili.

"Mmoja mmoja!" nikasema. "Hapa si sokoni."

Wakacheka, nami nikadhani wanacheka kwa kuwa nimewapatia. Nikachukua kalamu nyekundu nikaikata nambari kumi na mbili, nikamsema karani kimoyomoyo kwamba hajui kazi, nikaendelea na kumi na tatu. Jina lenyewe sitalitaja. Ni la watu zaidi ya mmoja, na mmoja wao ni mzee wa watu.

Mchana, baada ya masomo, nikaingia chumba cha kompyuta peke yangu. Mashine kumi na mbili chini ya feni moja iliyokuwa ikilalamika, na kumi na mbili hizo zote zilifanya kazi kwa kuegemea moja, ya mwalimu. Humo ndimo kazi za wanafunzi zilimohifadhiwa. Fleshi zilikuwa haramu shuleni tangu virusi vilipoua mashine mbili mwaka uliotangulia, kwa hivyo hakukuwa na nakala mfukoni mwa mtu. Nikaiwasha, na neno la kwanza ililoniambia ni kwamba imejaa, haina nafasi hata ya kuhifadhi barua.

Si ajabu. Mwenzangu aliyenitangulia alikuwa mwema, kila mtu alimsifu, lakini kompyuta yake ilikuwa kama banda la kuku. Kulikuwa na faili liitwalo Mtihani, na Mtihani wa Kweli, na Mtihani wa Kweli Huu Hapa. Picha za harusi zilikuwamo mara tatu, bibi harusi yule yule ananicheka kutoka folda tatu tofauti. Nikakunja mikono ya blauzi. Saa mbili nzima nikafuta, nikahamisha, nikayapa majina mafaili yasiyo na majina. Kila kilichoandikwa mbili kwenye mabano mwishoni nilijua ni nakala, kwani ndivyo kompyuta inavyofanya: ukitaka kukiita kitu kwa jina ambalo tayari lipo, yenyewe hukubandikia mbili ili yasigongane. Sikuvifungua. Kufungua niliona ni kwa watu wasio na hakika. Wala sikuvipitisha kwenye lile pipa la taka ambamo mtu anaweza kurudi akaokota. Nilivifuta moja kwa moja, visiwe na pa kurudia.

Nilipofika kwenye folda ya kidato cha nne, humo mlikuwa na folda kumi na tisa. Moja ilikuwa na mbili kwenye mabano. Nikaifuta, zikabaki kumi na nane. Nikaitazama orodha yangu yenye mstari mwekundu: wanafunzi kumi na wanane. Hesabu ilikubaliana, na nakumbuka nilifurahi. Nilifunga mlango nikaenda zangu kununua viazi vya karai.

Jumanne, kipindi cha tatu, msichana mmoja alikuja mezani kwangu. Mwembamba, sare imefuliwa hadi rangi imepauka, daftari amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Folda yangu siioni."

Rejista ilikuwa wazi mezani. Nikamuuliza jina, akalitaja. Nikageuza kioo upande wake, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu. "Hii hapa. Soma."

"Jina ni hilo, mwalimu, ila hiyo si yangu. Hiyo ni ya dada."

"Dada yupi?"

Msichana mwingine akasimama kule dirishani. "Ni mimi, mwalimu."

"Na wewe waitwaje?"

Akataja jina. Lile lile, yote mawili.

Darasa likacheka tena, na safari hii nikaelewa kwamba walikuwa wakinicheka mimi. Yule wa dirishani, mchangamfu, akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kisimani. Baba zao ni ndugu, tumbo moja. Kwao Wagiriama, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Ndugu wawili, mama mmoja, kila mmoja akamzaa binti wake wa kwanza mwaka mmoja na mwenzake, na kila mmoja akampa jina la mama. La pili ni la babu, na babu ni yule yule. "Sisi ni bibi, mwalimu, wawili. Baba yangu hata huniita mama. Nyumbani wanatutenga kwa majina ya mama zetu, wewe mwana wa fulani, wewe mwana wa fulani."

Yule mwembamba akaongeza kwa sauti ya chini, "Yangu ilikuwa na mbili. Dada alitangulia kuandika, kompyuta ikaniuliza kama niongezewe mbili, nikakubali."

Nilijua pale pale, sikuhitaji kutafuta. Niliiona tena folda ile, na kidole changu, na furaha yangu ya hesabu kukubaliana. Macho ya wanafunzi kumi na wanane yaliniangalia, na ya wa kumi na tisa yalikuwa ya huyu aliyesimama mbele yangu, na mimi siku ya pili tu kazini, mtu wa bara, mwenye mdomo.

Nikafyata ulimi. Nikajifanya natafuta. Nikafungua hapa, nikafungua pale, nikakunja uso kama daktari. Msichana akasubiri, kisha akasema, "Huenda sikusevu vizuri, mwalimu. Nisamehe."

Nami nikamjibu, "Siku nyingine uwe mwangalifu."

Nimeshajaribu mara nyingi kujitetea mbele ya maneno hayo manne. Nimejiambia nilibabaika, nimejiambia nilitaka kwanza kutafuta dawa halafu niseme. Si kweli. Niliogopa, na msichana alinipa mlango, nikautokea mbio.

Alikuwa na daftari lake la kuchorea mipango, na alikuwa na siku tatu. Nikamwambia aanze upya, na kwa kuwa roho ilikuwa ikinisuta, nikampa kiti changu na mashine yangu, ile kubwa, ili afanye haraka. Walimu wa masomo mengine wakakubali kumwachilia. Jumanne mchana kutwa aliandika, na Jumatano akaja kabla ya kengele. Mimi nilizungukazunguka nyuma yake nikijifanya nasahihisha. Vidole vyake vilikwenda bila kusita. Wagonjwa wa zahanati yake walikuwa watu wa boma lao; mgonjwa nambari moja alikuwa na jina lake mwenyewe, nikamuuliza kama ni yeye. "Hapana, ni bibi," akasema bila kugeuka. Kila baada ya muda alihifadhi, kwa uangalifu mkubwa, akabofya, akatazama, akabofya tena. Nilimwambia awe mwangalifu, naye alikuwa akitii.

Hapo nilianza kujidanganya kwamba mambo yatakwisha salama. Atamaliza, atawasilisha, hakuna atakayejua. Lakini kasi yake haikutosha, nami nilijua kupiga hesabu. Kazi ya miezi haiingii kwenye siku tatu. Jumatano saa sita mchana nikatoka nje, nikasimama kivulini kwa ukuta wa choo cha walimu mahali penye mtandao, nikampigia fundi wa kompyuta wa Malindi niliyepewa nambari yake na karani. Mzee wa mji wa kale, kwa sauti yake. Nikamweleza kwamba kuna kitu kimefutwa. Sikusema nani alifuta.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Kitu ukikifuta hakiondoki. Kiko pale pale, ni jina lake tu lililoondolewa, na mashine imeambiwa mahali pale pako wazi. Sasa basi, ukiandika jambo jingine, linakwenda kukaa juu yake. Hapo ndipo kinapokufa kweli. Umefahamu?"

"Nimefahamu."

"Haya, n'ambie. Tangu kufutwa, mashine hiyo imeandikwa kitu?"

Kupitia dirisha nilimwona. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, kichwa kimeinama kidogo, anaandika.

Sikukata hata simu. Nilikimbia. Viatu vyangu vya kisigino vilizama mchangani, nikavivua nikakimbia navyo mkononi, na wanafunzi wa kidato cha kwanza wakanipisha. Niliposukuma mlango aliinua mkono kwenye kipanya.

"Mwalimu, nimefika ripoti ya nne, ngoja nisevu..."

"Usihifadhi!"

Nilipiga kelele ambayo sikuwahi kumpigia mtu. Akaruka, akauondoa mkono kama aliyeungua. Nikapita chini ya meza nikachomoa waya ukutani, na kioo kikawa cheusi. Ripoti ya nne ikaenda na giza hilo. Tulitazamana, mimi nimepiga magoti sakafuni miguu mitupu, yeye amekaa kwenye kiti changu.

"Kuna nini, mwalimu?"

Huo ulikuwa mlango wa pili, mpana kuliko wa kwanza. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani.

"Virusi," nikasema.

Akaniangalia kwa muda. Kisha akasema, "Sawa, mwalimu," akafunga daftari lake.

Alhamisi asubuhi niliomba ruhusa, nikaenda Malindi na ile mashine nimeifunga kwa leso mbili. Kibanda cha fundi kilikuwa kwenye uchochoro, kimejaa mashine zilizofunguliwa matumbo. Alinikaribisha kiti, akanipa kahawa bila kuniuliza kama naitaka, akaing'oa diski akaiunganisha na mashine yake. Kisha tukakaa. Kwenye kioo chake kulikuwa na mstari wa kijani uliokwenda taratibu, na nilikaa nikiutazama kwa saa nne. Adhana ilipolia alikwenda msikitini, akaniacha nao, akarudi, haujafika nusu. Sijawahi kuomba Mungu kwa ajili ya mstari, lakini siku ile niliomba.

Alasiri ukafika mwisho. Fundi akavaa miwani.

"Vingi vimerudi. Mia tatu na kitu. Ila havina majina, vimekuja na nambari tupu. Itabidi kuvifungua kimoja kimoja hadi mwenyewe atambue chake." Akashusha miwani. "Na ipo sehemu imeandikwa juu. Nani aliyekuwa akiiandikia mashine hii jana na juzi?"

"Mwenye kazi."

"Akitafuta nini?"

"Akiifanya upya ile ile iliyopotea."

Akachukua fleshi, akanakili, akanipa mkononi. "Basi kaifukia mwenyewe," akasema, "na hana habari. Maskini mtoto wa watu. Hakuwako mtu wa kumwambia asiiguse?"

Nilisema asante, nikafunga mashine kwa leso zangu. Nilirudi Jilore nikiwa nimeyashika maneno hayo, na hakuna njia niliyoyageuza ambayo hayakunirudia. Kila saa niliyonyamaza, yeye alikuwa akiandika juu ya kazi yake. Uongo wangu haukukaa tu, ulikuwa ukila.

Ijumaa saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kabla yangu. Naibu alikuwa ametangaza kwamba gari la shule litaondoka saa sita kamili. Tukakaa kiti kwa kiti. Nikachomeka fleshi iliyo haramu, tukaanza. Nambari moja: barua ya kuomba viti. Nambari mbili: bibi harusi. Nambari tatu haikufunguka. Nambari nne, mtihani wa kweli. Kipanya kilikuwa mkononi mwake, na kwa kila faili alitulia kidogo, akatazama, akatikisa kichwa. Kufika saa mbili na nusu tulikuwa tumepita mia moja na arobaini.

Ndipo akasema, macho yakiwa kwenye kioo, "Mwalimu, virusi huondoa majina?"

"Si virusi," nikasema. "Ni mimi. Niliifuta folda yako Jumatatu. Niliona mbili, nikadhani ni nakala. Nimekudanganya siku nne."

Hakuacha kubofya. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Rejista ilikuwa wazi pale mezani. Nikaona nimekatwa kwa nyekundu. Nikajua na folda ni wewe."

"Mbona basi ukaniomba msamaha?"

Akafikiri, si jibu lenyewe, naona alikuwa anafikiri jinsi ya kulisema bila kukosa adabu. "Wewe ni mgeni wetu, mwalimu, tena mkubwa. Singeweza kukwambia umekosa mbele ya darasa zima. Nikasema labda ni mimi, ili upate pa kushikia, useme hapana, ni mimi. Halafu nikangoja."

Akafungua nyingine, akatikisa kichwa, akaifunga.

"Jumatano ulipokuja mbio miguu mitupu, nikasema moyoni, sasa atasema."

Nililia, na sikuona haya kulia, haya niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Yeye alisogeza kiti karibu kidogo na meza, akaendelea kufungua mafaili.

Nambari mia moja na themanini na saba ilikuwa maelezo yake, kurasa arobaini na moja, mazima, hadi picha za ripoti zake za zamani alizozibandika mle. Aliguna, mguno mfupi, akaushika mkono wangu juu ya meza bila kuniangalia. Yalikuwa nusu ya mradi. Tukatafuta nusu ya pili, ule mfumo wenyewe. Tukakuta mmoja umefunguka sawasawa, wagonjwa ni watu wa boma lao. Akasoma jina la mgonjwa wa kwanza. "Huu ni wa dada, nakala yake ya zamani. Yeye alianza na mama yake." Tukakuta wa pili, nambari mia mbili na sitini. Huu ulikataa kufunguka. Akajaribu mara tatu. Mara ya nne ukafunguka ukaonyesha wagonjwa kumi na mmoja na chini yao herufi za ajabu zisizosomeka, mstari baada ya mstari. Mgonjwa nambari moja alikuwa bibi. Ripoti, hata moja, hakuna.

"Hapa ndipo nilipoandika juu?" akauliza. Nilikuwa nimemweleza maneno ya fundi, yote, nikiwa nalia.

"Ndipo hapo."

"Kama ungesema Jumanne?"

"Ungeupata wote."

Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa saa tatu unusu. Akafungua ule mpya, alioufikisha ripoti ya tatu, akaweka daftari pembeni, akaanza ya nne.

Saa tano na robo alikuwa kwenye ya saba. Nikatoka nikaenda chumba cha walimu. Watu saba walikuwa wanakunywa chai. Nikamwambia naibu mbele yao nahitaji muda zaidi, na nikaeleza kwa nini, tangu kalamu nyekundu hadi virusi, bila kuruka. Vikombe vilisimama. Naibu hakunipigia kelele, ingawa nilitaka anipigie. Aliinuka akaenda dirishani akamwita dereva, akamuuliza anakwenda kuswali wapi leo. Dereva akasema Malindi, akishafika. "Basi kaswali hapa kwanza," naibu akamwambia. "CD utachukua ukirudi." Kisha akanigeukia. "Umempatia saa mbili. Kamlipe zile ulizomnyima, kama utaweza."

Dereva alirudi saa nane kasorobo, kofia bado kichwani, akasimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta. Msichana alikuwa amemaliza ripoti ya tisa. Aliihifadhi. Akatazama saa ya ukutani, akatazama gari, akaniachia kipanya mwenyewe.

Ripoti tatu hazikufanywa. Daftari lilikuwa na mipango yake, alijua hasa zingekuwaje, na hazikufanywa. Kila mtu atasema tisa kati ya kumi na mbili si haba, na kweli, matokeo yalipotoka alipita na mradi ulimbeba. Lakini zile tatu si zake. Ni zangu, na sijui alama ngapi zilikuwa ndani yake, wala sikuthubutu kumuuliza kama zingemfikisha mahali alipopataka.

Nilinakili folda zote kumi na tisa kwenye CD. Yake nilimwachia aandike jina mwenyewe. Aliliandika kamili, na majina matatu safari hii, akiweka la baba katikati, kisha akakaa akalitazama. Dada yake akaja akaongeza la baba yake kwenye ya kwake. Hakuna aliyewaambia. Karani angeweza kufanya hivyo tangu kidato cha kwanza, na mimi ningeweza kuuliza Jumatatu, kwa swali moja.

Jumatatu iliyofuata nilifungua rejista. Mstari mwekundu haukuweza kufutika. Nilikuwa nimejaribu kwa kifutio hadi karatasi ikaanza kutoboka. Nilikuwa nimeandika jina tena juu yake kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa. Nikaita nambari kumi na moja, akaitika yule wa dirishani, kwa sauti yake ya uchangamfu. Nikashusha macho mstari mmoja, nikaliita jina lile lile mara ya pili. Hakuna aliyecheka, na kwa muda mfupi niliogopa kwamba hatajibu.

"Niko, mwalimu," akasema.